Minyoo Wangu na Udongo wa Gereji

Nilipohamia kiwanjani kwangu Morogoro mwaka 2022, nilikuta nyuma ya nyumba eneo la mita 3 kwa 2 ambako mpangaji aliyetangulia, fundi magari, alikuwa akimwaga oili chafu. Udongo ulikuwa mweusi na umeshikana kama lami, na maji yakimwagwa juu yake yalitiririka pembeni bila kuzama. Hata ukoka, ambao haubembelezwi na mtu, ulikomea ukingoni.

Kwa kuwa tayari nilikuwa nikifuga minyoo wekundu kwa ajili ya mboji, niliuchimba udongo huo hadi sentimita 15, nikautandaza juu ya turubai chini ya mwembe, kisha nikawamwaga minyoo humo moja kwa moja. Asubuhi wengi walikuwa wamelegea na kufa, na waliosalia walijikusanya kwenye mikunjo ya turubai wakitafuta pa kutokea. Nilipaswa kujua, maana mnyoo hupumua kwa ngozi.

Baadaye nilielewa kwamba wanaovunjavunja oili hasa ni bakteria na kuvu, ambao mboji iliyokomaa imejaa tele. Oili ina kaboni nyingi lakini karibu haina naitrojeni, kwa hiyo vijidudu hivyo hudhoofika visipopewa samadi au mboji. Nilichanganya debe moja la mboji kwa madebe mawili ya udongo, nikaongeza maranda ya mbao ili hewa ipite, nikawa naugeuza kwa beleshi kila Jumamosi na kuunyunyizia maji kiasi kwamba ukifinyangwa mkononi unashikana bila kuchuruzika.

Maji ya mvua yaliyotuama shimoni, yenye utando wa rangirangi, niliyashughulikia kando. Kwanza niliutoa utando kwa maranda makavu, kisha nikayapitisha polepole kwenye pipa lenye kokoto, mchanga na mboji. Yalitoka na rangi ya chai lakini bila utando, nami niliyatumia kunyunyizia lundo lilelile tu.

Mwezi wa tatu harufu ilikuwa imepungua sana, na maharage niliyopanda kwenye kopo yaliota, ingawa majani yake yalikuwa ya manjano. Mwezi wa sita nilichukua beseni, nikaweka udongo huo upande mmoja na udongo safi upande wa pili, nikawaachia minyoo kumi katikati. Baada ya siku mbili nilikuta wanne upande wa udongo wa gereji, wanene na wenye kung'aa.

Mke wangu sasa anataka kupanda mchicha pale, nami nimekataa, kwa sababu oili iliyotumika hubeba risasi na zinki kutoka kwenye injini, na madini hayo hayaliwi na kijidudu chochote. Tumekubaliana kupanda maua, na ukoka umeshaanza kuingia wenyewe.