Cyprus jua lipo na bahari ipo, ila uliza kwanza ardhi ni ya nani

Dadangu mkubwa alianza kazi ya uuguzi Uingereza mimi nikiwa bado shule ya msingi Mombasa, na tangu magoti yaanze kumsumbua amekuwa na wimbo mmoja tu, akistaafu hakai tena na baridi. Wa nyumbani wote walimwambia rudi ununue Mtwapa au Kilifi, naye jibu lake ni kwamba pwani ataenda, hakuna wa kumzuia, lakini wajukuu wako Leicester na daktari wake yuko Leicester, anataka mahali ambapo akipata simu ya dharura anapanda ndege na siku hiyohiyo amefika. Kutoka London mpaka Larnaca, mji wa pwani wa kisiwa cha Cyprus, ni kama masaa manne na nusu. Basi watoto walipofunga shule mwezi wa kumi tukafunga safari, mimi, mume wangu, watoto na Dada, nusu kupunga upepo nusu kutazama nyumba.

Mtu wa Kenya ama Tanzania akishuka pale haoni ugeni sana. Magari yanapita kushoto, soketi za ukutani ni zile za pini tatu kama za kwetu, na Kiingereza kila mtu anakisikia, kwa sababu Waingereza walikaa hapo kuanzia 1878 mpaka 1960, na mpaka leo wana kambi zao mbili za jeshi kisiwani, Akrotiri na Dhekelia. Joto la mwezi wa kumi ni tamu, hujifuniki na huungui, na maji ya bahari bado yana uvuguvugu, watoto tuliwapeleka ufukwe wa Mackenzie wakawa hawatoki majini, ndege zinashuka karibu sana pale mpaka unasoma maandishi ubavuni na wao kila ikipita wanapiga kelele. Ukiinua macho mjini kila paa lina tangi la maji na kioo cha sola cha kuchemshia, joto la bure la jua wanalitumia kisawasawa hawa watu. Na chakula jamani, halloumi, jibini yao, ya kuchoma mkaani na tikiti maji baridi pembeni, mwanzo nilidhani haviendani, baadae nikawa naagiza kila siku.

Lakini mahali nilipotamani kufika mie tangu tukiwa nyumbani ni kwenye kaburi la Ummu Haram, yule bibi sahaba wa Mtume. Wengi tumelelewa na ile hadithi, Mtume S.A.W. amelala nyumbani kwake akaamka akitabasamu, akasema ameoneshwa watu katika umma wake wamepanda bahari kama wafalme kwenye viti vyao, bibi akamwomba amuombee naye awe miongoni mwao, akamwambia wewe ni katika wa mwanzo. Na kweli zama za Sayyidna Uthman, Muawiya alipopeleka jeshi la majini Cyprus, Ummu Haram alikuwemo na mumewe Ubada bin Samit, akaanguka kwenye mnyama aliyempanda akafa kisiwani, na kaburi lake lipo pale kando ya ziwa la chumvi, dakika chache tu kutoka uwanja wa ndege. Wanapaita Hala Sultan Tekke. Ni msikiti mdogo wa mawe na kuba yake, umezungukwa na mitende, na ndani kwenye chumba cha kaburi kuna mawe makubwa mno yamesimamishwa na kitambaa cha kijani kimetandazwa. Dada alikaa chini akasoma Yasin yote, watu wanaingia wanatoka yeye hana habari. Ziwa lenyewe lilikuwa limekauka, heroe huja majira ya baridi mvua ikishajaza maji, kwa hiyo tulitembea juu ya chumvi yenyewe, ngumu nyeupe juu, ukikanyaga inavunjika na chini yake kuna tope jeusi lenye harufu ya pwani maji yakikupwa. Mwanangu mdogo alijaza mfuko mzima wa suruali. Kama unaenda Cyprus na hujapita hapo, mie kwangu bado hujaenda.

Haya, nyumba sasa.

Dalali wa kwanza alitupeleka nje kidogo ya mji, upande wa Oroklini, kutuonesha nyumba za kwenye ramani, yaani bado ni kiwanja na kreni, ofisini kuna kimodeli cha plastiki chenye vibwawa vya kuogelea. Kijana mchangamfu, maji baridi, keki, kila kitu. Bei akaitaja, mume wangu akauliza hiyo ni pamoja na VAT? Ikawa si pamoja, na nyumba mpya VAT yake ni asilimia 19, kwa hiyo bei unayoambiwa mezani na bei utakayolipa ni vitu viwili. Halafu Dada akauliza swali lake, hati miliki ya nyumba yangu itatoka lini? Kijana akasema hati hutoka baadae, ujenzi ukiisha na vyeti vyote vikipatikana, ni kawaida, watu wote wananunua hivyo. Na kweli ni kawaida huko, na hapo ndipo watu walipolilia. Mjenzi anakopa benki kwa rehani ya kiwanja kizima, anauza nyumba mojamoja, wanunuzi wanamaliza kulipa wanahamia, na hati ya ardhi bado iko na rehani ya benki juu yake. Mjenzi akifilisika benki inakuja kudai chake. Ilipofika ile shida ya mabenki ya mwaka 2013, ambapo hata wenye akiba zaidi ya euro laki moja kwenye benki mbili kubwa walikatwa pesa zao, watu wengi sana wakajikuta wamelipa nyumba na hawana karatasi, mpaka bunge likatunga sheria 2015 ya kuwasaidia wanunuzi waliokwama. Kwenye mgahawa tuliokuwa tukinywa chai nilikaa karibu na mama mmoja wa Kiingereza aliyenieleza amekaa kwenye nyumba yake miaka chungu nzima kabla ya kupewa hati, alikuwa akihadithia mkono unamtetemeka. Sisi pesa ya Dada ni ya zamu za usiku, si pesa ya kuchezea. Tukashukuru kwa keki tukaondoka.

Siku nyingine tukaenda Nicosia, mji mkuu, ambao umekatwa katikati. Unatembea barabara ya Ledra, maduka ya viatu, aiskrimu, ghafla kuna kibanda cha polisi, unatoa pasi, unapita kipande chenye majumba yaliyooza, unatoa pasi tena, na uko upande wa Waturuki. Kisiwa, ambacho wenyeji wake ni Wagiriki na Waturuki, kiligawanyika 1974, yalitokea mapinduzi yaliyosukumwa na Ugiriki, siku chache baadae jeshi la Uturuki likaingia, Wagiriki wa kaskazini zaidi ya laki moja na nusu wakakimbilia kusini na Waturuki makumi ya maelfu wakaenda kaskazini. Upande wa kaskazini ulijitangazia nchi 1983 lakini anayeitambua ni Uturuki peke yake. Tukapanda matatu yao mpaka Kyrenia, na sitaki kusema uwongo, ni pazuri kupita kusini. Milima imesimama nyuma, bandari ya zamani ya mawe mbele, na mabango ya nyumba kila kona, vila yenye bwawa kwa bei ambayo kule Larnaca unapata chumba na sebule. Mume wangu macho yakamtoka. Tukaingia ofisi moja.

Mwanamke wa pale alikuwa mpole na mkweli pia, namsifu kwa hilo. Dada aliuliza, "Hiki kiwanja kabla ya 1974 kilikuwa cha nani?" Yule mama akamweleza kwamba kuna hati za aina kadhaa. Zipo za ardhi iliyokuwa ya Mturuki au mgeni tangu kabla ya vita, hizo ndizo ghali na adimu. Zipo za kubadilishana, Mturuki aliyeacha shamba kusini akapewa la Mgiriki kaskazini. Na zipo walizogawiwa watu na serikali ya huko. Ile vila ya bei poa ilikuwa ya kubadilishana. Dada akanigeukia akaniambia kwa Kiswahili, "Mdogo wangu, hapa pana mtu analia. Twende zetu."

Sheria nayo iko upande wake. Iko kesi ya Apostolides dhidi ya Orams, hao Orams ni wanandoa wa Kiingereza waliojenga vila Lapithos, karibu na hapohapo Kyrenia, kwenye shamba la familia ya Apostolides iliyokimbia 1974. Mahakama ya Nicosia iliamuru wabomoe na walipe, Mahakama ya Ulaya 2009 ikasema hukumu hiyo itambuliwe nchi zote za Umoja, na mwanzo wa 2010 Mahakama ya Rufaa Uingereza ikakubali, yaani wangeweza kufuatwa mpaka kwenye mali zao walizoacha Uingereza. Na kuanzia 2024 upande wa kusini umekuwa ukiwakamata watu wanaouza mali za Wagiriki kaskazini na kuwafikisha kortini. Kwa hiyo mtu akikuambia nunua kaskazini ni rahisi, anajua rahisi imetoka wapi.

Mimi nilikaa kimya njia nzima ya kurudi. Sisi watu wa Pwani jambo hili tunalijua kwa majina. Tangu Mwingereza alete ile sheria ya hati za ardhi mwaka 1908, aliyekuwa na uwezo wa kupeleka madai alipata karatasi, na aliyekuwa akilima tu mnazi wa babu yake akaitwa skwota, na wajukuu wake mpaka leo wanafukuzwa na watu waliokuja na hati kutoka mbali. Mamangu amezikwa kwenye kiwanja ambacho mpaka leo watu wanakizozania. Siwezi kwenda nchi ya watu nikawa mimi ndiye mwenye hati kutoka mbali, hata kama kuna bwawa.

Na yasije yakaeleweka kwamba walioonewa ni upande mmoja. Pale Larnaca nyuma ya ngome, karibu na Msikiti Mkubwa wanaouita Djami Kebir, ule mtaa wa zamani wa Waturuki majina ya barabara bado ni ya Kituruki, wenyewe hawapo. Nyumba zao ziko mikononi mwa serikali kama mdhamini. Mzee anayeuza kahawa mtaani humo, kahawa ya kikombe kidogo yenye mashapo chini, alituuliza tumetoka wapi, tukasema asili yetu Kenya, akapiga meza, "Kenya! Makarios!" Askofu Makarios, rais wao wa kwanza, yule ambaye Waingereza walimpeleka uhamishoni Seychelles 1956, mwaka 1971 alikuja Kenya akabatiza maelfu ya watu, na seminari ya Waorthodoksi pale Riruta Nairobi inaitwa kwa jina lake. Mzee mwenyewe ni Mgiriki, alizaliwa kijiji cha kaskazini. Akaingia ndani akatoka na bahasha, ndani fotokopi ya hati ya baba yake, namba ya ramani, namba ya kiwanja, na neno moja ambalo alituwekea kidole, ndimu. Miti ya ndimu imeandikwa kwenye hati. Anajua nani anakaa huko sasa, alienda mwaka 2003 mipaka ilipofunguliwa, yule mama Mturuki akamkaribisha kahawa na akamfungia ndimu kwenye mfuko, mama huyo naye alikuwa amefukuzwa kwao Paphos, upande wa kusini. Anasema walilia wote wawili.

Dada alipata alichokitaka mjini Larnaca kwenyewe, fleti ya zamani kidogo, vyumba viwili, ghorofa ya pili, lifti inafanya kazi, roshani inaona bahari ukisimama pembeni kushoto. Laki na nusu na ushei, euro. Haina VAT kwa kuwa si mpya, na ada ya kuhamisha umiliki ni asilimia 3 kwa elfu 85 za mwanzo na 5 kwa elfu 85 zinazofuata, halafu unapunguziwa nusu. Muhimu ni hati ipo, kwa jina la muuzaji. Tulichukua wakili wetu wenyewe, si wa dalali, hilo usikubali kabisa hata wakikuambia ni bure, akapata ruhusa ya muuzaji akafanya sachi ofisi ya ardhi, hakuna rehani, hakuna kesi. Mkataba ukasainiwa na wakili akaupeleka kusajiliwa hukohuko ofisi ya ardhi, ukishasajiliwa muuzaji hawezi kumuuzia mwingine. Pia tuliomba stakabadhi za pesa za pamoja za jengo, za lifti na usafi, maana deni la aliyekuwepo unaweza kujikuta nalo mlangoni. Na mume wangu alifungua bomba zote akasimama anaangalia maji, kisiwa kile mvua ni haba, maji mengi ya kunywa wanasafisha ya bahari, kwa hiyo tangi la paani si pambo.

Kwa vile pasi zetu ni za Uingereza na Uingereza imetoka Ulaya, Dada anahesabiwa mtu wa nje, kwa hiyo kuna kibali cha kununua kinaombwa ofisi ya wilaya, na kukaa kwake bila viza ni siku 90 katika kila 180. Kwake zinatosha, baridi yenyewe kali ni miezi mitatu. Kibali tunakingojea, na wakili hana wasiwasi nacho. Mwezi wa pili inshallah watoto wakifunga tena tunamfuata, ziwa litakuwa na maji na heroe watakuwepo, na tunataka kupanda milima ya Troodos, kilele kina mita 1,952 na theluji inaanguka watu wanateleza, halafu unashuka na gari unakula chakula cha mchana ufukweni.