Onsen ya milimani: unaoga kabla ya kuingia majini

Mtu wa Mbeya, Njombe au Makete akienda Japani kusoma au kwa mafunzo ya kazi, hatamaliza muda mrefu kabla wenyeji hawajampeleka onsen, yaani bwawa la maji moto yatokayo ardhini. Ndiyo namna yao ya kumkirimu mgeni milimani. Kinachosumbua ni kwamba hupewa msururu wa makatazo bila kuambiwa sababu, naye anaingia akiwa na hofu ya kuchekwa. Sababu ni moja tu: bwawa lile si la kuogea. Maji ni ya watu wote, na mahali pengi yanatiririka kutoka ardhini hadi bwawani bila kutiwa dawa. Unaoga pembeni, unatakata kabisa, kisha unaingia kujipasha moto. Aliyezoea kuoga kwa ndoo na kopo mwezi wa saba ameshajua nusu ya kazi.

Kwanza mlangoni. Viatu vinavuliwa nje, slipa zinaachwa kabla ya chumba cha kubadilishia nguo. Pazia lenye herufi 男 ni la wanaume, lenye 女 ni la wanawake. Usitegemee rangi wala kumbukumbu ya jana, kwa sababu nyumba nyingi za wageni hubadilisha usiku chumba cha wanaume na cha wanawake ili kila upande upate kuonja mabwawa yote mawili. Asubuhi soma herufi upya.

Ndani kuna vikapu au makabati. Nguo zote zinavuliwa, zote kabisa. Kanga, taiti, chupi, bukta ya kuogelea, vyote vinabaki kikapuni pamoja na simu. Unaruhusiwa kitaulo kidogo tu cha kujisugulia na kujisitiri ukitembea. Ukiwa bwawani, kitaulo hicho kinakunjwa na kuwekwa kichwani au juu ya jiwe, kisiguse maji. Pete na bangili za fedha au shaba zivue pia. Maji yenye salfa huzigeuza nyeusi, wakati mwingine ndani ya dakika chache.

Sasa sehemu ambayo wageni huiharakisha. Ukutani kuna safu ya mabomba, kila moja na kigoda kifupi, beseni dogo na chupa za sabuni na shampuu. Kaa kwenye kigoda. Ukioga umesimama, povu litamrukia jirani. Jisugue mwili mzima. Kama ulijipaka mafuta asubuhi, na sisi watu wa baridi tunapaka hasa, sugua mara mbili, la sivyo yataelea juu ya maji na kila mtu atajua yametoka kwa nani. Suuza hadi povu liishe, kisha suuza na kigoda, beseni ulirudishe. Rasta na misuko ndefu ifungwe juu ya utosi. Nywele hazitakiwi kugusa maji, na harufu ya salfa ikishaingia kwenye nywele za bandia haitoki upesi.

Kabla ya kuingia, chota maji ya bwawa kwa beseni ujimwagie: miguu, magoti, kiuno, halafu mabega. Hapa unauzoesha moyo. Maji mengi yako kati ya nyuzi 40 na 42, na wakati wa theluji mwili uliotoka kwenye chumba baridi ukitumbukizwa ghafla, shinikizo la damu hupanda na kushuka kwa fujo. Wazee hufa kwa sababu hiyo, hasa majira ya baridi. Mwenye shinikizo la damu la kupanda au ugonjwa wa moyo ayaepuke maji ya nyuzi 42 na zaidi. Aliyekunywa pombe asubiri hadi iishe mwilini.

Ingia taratibu, ukipapasa kwa mguu. Kwenye maji meupe ya salfa, kama yale ya Tsurunoyu, onsen ya mkoa wa Akita, huoni ngazi wala jiwe la chini. Mara ya kwanza dakika tatu hadi kumi zinatosha. Ukianza kusikia mapigo ya moyo masikioni, toka, lakini kaa kwanza ukingoni. Watu wengi huanguka wakati wa kusimama, kwa kuwa joto limeitanua mishipa na damu imeshuka miguuni. Kunywa maji kabla na baada. Hakuna kuogelea, na bomba la maji baridi usilifungue bila kuwauliza waliomo.

Ukitoka, jifute kwa kile kitaulo kabla hujakanyaga chumba cha nguo, maana sakafu yake inatakiwa iwe kavu. Kujisuuza tena kwa maji ya bomba kunategemea maji yenyewe. Sheria ya Japani ya mwaka 1948 inayaita onsen maji ya ardhini yenye angalau nyuzi 25, au yenye kiwango kilichowekwa cha angalau kitu kimoja kati ya 19 vilivyoorodheshwa. Kwa hiyo mengine hutoka ya baridi yakapashwa moto. Karatasi ya vipimo hubandikwa mahali pa kuonekana, mara nyingi chumba cha nguo. Huna haja ya kusoma Kijapani. Tafuta tarakimu iliyo kando ya pH, kipimo cha asidi: ikishuka chini ya 7 maji ni ya asidi. Kwenye onsen ya Kusatsu ni kama 2, na ya Tamagawa ni 1.2, asidi kali inayochoma kila penye mkwaruzo na kila ulipopitisha wembe. Hapo jisuuze. Ikizidi 8, ngozi huteleza, na wengi huiacha bila kusuuza.

Milimani kuna jambo la kuogopa kuliko aibu, nalo ni gesi. Mwaka 2005 huko Doroyu, Akita, watu wanne wa familia moja walikufa kwa gesi ya salfa iliyojikusanya kwenye shimo la theluji. Mtu wa Rungwe ataelewa haraka: kwetu ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde, ambako wanyama wadogo hukutwa wamekufa. Penye uzio na harufu ya mayai viza usipite, na mtoto asicheze shimoni.

Kuingia bila kulala kwa kawaida ni kama yeni 500 hadi 1,500, na kodi ya manispaa ya kuoga, ikitozwa, mara nyingi ni yeni 150. Mwenye tatuu aulize kabla ya kulipa. Wengi hukataa, wengine huruhusu ukiifunika kwa stika. Anayeona haya kuvua mbele ya bosi au mama mkwe (na aliyelelewa Kinyakyusa ana haki kabisa ya kuona haya) aombe bwawa la kukodi la familia, ambalo kwa kawaida hukodishwa kwa kama saa moja. Vazi la pamba utakalopewa, upande wa kushoto ulalie juu ya wa kulia. Kinyume chake ni mavazi ya maiti.

Ukirudi nyumbani usizigeuze chemchemi za maji moto za Songwe kuwa onsen kwa haraka. Joto lipo, kwa kuwa matawi mawili ya Bonde la Ufa yanakutana hapa Mbeya, ila hakuna aliyekupozea maji. Kwenye macho ya chemchemi yanazidi nyuzi 70, na maji ya namna hiyo huunguza ngozi ndani ya sekunde moja. Gamba la chokaa pembeni mwa matundu linaweza kuvunjika chini ya mguu, kwa hiyo kaa mbali nayo, shuka yalikochanganyika na maji ya mto, na upime kwa kipimajoto kabla ya kuingiza hata kidole.