Mita 30 kwa 30

Familia ya watu watano, kwa gramu 400 za mahindi kila mtu, hula kilo 2 kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 730. Sasa pima kiwanja anachopewa mkimbizi nchini Uganda: mita 30 kwa 30 ni mita za mraba 900, hazifiki robo eka. Ondoa nyumba, jiko na choo. Mahindi yasiyo na mbolea, mvua ikinyesha vizuri, yatatoa kilo 100, labda 150. Misimu miwili haizidi kilo 300, na hapo bado hujauza debe moja kupata sabuni na madaftari ya watoto.

Hesabu hii ndiyo ninayoomba ikumbukwe kila mkimbizi wa Nakivale au Rwamwanja, makazi ya wakimbizi ya Uganda, anapoambiwa "jitegemee". Zamani vilitolewa viwanja vya mita 50 kwa 50. Vita vya Kongo na Sudan Kusini vimeendelea kuleta watu, na ardhi haikuongezeka. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ulipotekwa Januari 2025, waliovuka mpaka wa Bunagana walipokelewa kwenye kituo cha muda cha Nyakabande, kisha wengi wakapelekwa Nakivale, wilaya ya Isingiro, penye ukame wa mara kwa mara. Wakati huohuo mgao wa chakula umekuwa ukipunguzwa. Vita inamzuia mtu kurudi kwenye shamba lake. Ukame unamnyima hili dogo alilopewa.

Mvua ya kwanza ya Machi au Septemba ndiyo inayodanganya. Inanyesha siku mbili, watu wanapanda mbegu zote, kisha jua linawaka wiki mbili na miche inakauka. Chimba kwanza: udongo uwe umelowa shubiri nzima kwenda chini. Hata hapo panda nusu, nusu ibaki ndani. Mbegu za msaada zikichelewa wiki tatu, achana na mahindi. Panda maharage, ambayo huiva kwa miezi miwili na nusu hadi mitatu. Mihogo ikae pembeni, maana huvumilia jua.

Mboga zipande kwenye gunia. Simamisha nguzo ya kokoto katikati, upana wa kopo la maziwa, toka chini hadi juu, ujaze udongo na samadi kuizunguka, kisha toboa matundu ubavuni kwa sukuma wiki na lengalenga (wenyeji huiita dodo). Wengi hawaiweki nguzo hiyo. Maji hubaki juu na miche ya chini hufa.

Maji ya kumwagilia yanaweza kutoka juu ya paa. Bati la mita za mraba 20, mvua ya milimita 30, ni lita 600. Ukitoa zinazopotea, unabaki na kama jerikani 24 za lita 20. Paa la turubai hulegea, maji hutuama katikati na kulichana. Kwa hiyo mashirika yanayogawa mbegu yangeanza na mabati na mfereji wa paa.