Siku moja maishani mwangu: mfamasia mtarajali, Dar

Saa 11 alfajiri niko macho, maana ukichelewa gari Mbagala utasimama mguu mmoja mpaka mjini. Nimemaliza miaka 4 ya famasi MUHAS, chuo kikuu cha afya hapa Dar, sa hivi niko kwenye mwaka 1 wa utarajali, yani mafunzo ya kazini, kwenye hospitali ya rufaa, nikimaliza ndo nifatilie usajili Baraza la Famasi. Watu wanadhani tunasomea kusoma mwandiko wa madaktari, haya bana.

Saa 1 na nusu asubuhi, kabla ya salamu kuisha naenda kwenye friji. Insulini ya kisukari na oksitosini ya akina mama wanaojifungua zinatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, najaza karatasi iliyobandikwa mlangoni, na kama umeme ulikatika usiku hapo maswali yanaanza. Afu ripoti, dawa gani zimekata, tuwaambie wodini wasiendelee kuziandika.

Saa 3 raundi, tunapita na madaktari kitanda kwa kitanda. Hii ndo sehemu naipenda kuliko zote japo mwanzoni unasimama nyuma kama mtu aliyepotea njia. Leo mgonjwa wa degedege kaandikiwa fenitoini ya mshipa, na dripu iliyoning'inia ni dekstrosi, yani maji ya sukari. Msimamizi wangu wala hakusema kitu, akaniangalia tu, nikajua zamu yangu. Nikamwambia dokta hiyo tuiweke kwenye normo salaini, yani maji ya chumvi, kwa sababu fenitoini inakaa kwenye maji kwa vile tu imetengenezwa na pH ya juu, 12 hivi, yani kinyume cha uasidi, ukiichanganya na dekstrosi ambayo ina uasidi inajitoa inakuwa chembechembe na zingine huzioni kwa macho. Dokta akasema sawa, sista akabadilisha dripu, basi, tukaenda kitanda kinachofuata. Mwaka wa pili nilikuwa nalalamika pH itanisaidia nini mjini.

Saa 5 dirishani, foleni mpaka kwenye benchi za nje. Mama mmoja mtu mzima kapewa dawa mseto ya malaria.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Hizi zote zangu?"

Vidonge 24, nikamwambia vinne nakupa unywe hapa hapa, vinne vingine saa 1 usiku, yani baada ya masaa 8, kuanzia kesho ni saa 1 asubuhi na saa 1 usiku mpaka viishe, na unywe umekula kitu chenye mafuta au maziwa ndo dawa inaingia vizuri mwilini. Akauliza hata chapati? Hata chapati mama. Akafikiri kidogo, akasema nikipata nafuu kesho nitamwekea mjukuu vinavyobaki. Hapo nikaweka kalamu chini tukaanza upya, nyuma watu wanaguna, waache wagune. Kuhesabu vidonge mtu yeyote anaweza, haya maongezi ndo kazi yenyewe.

Saa 8 wali maharage na stori za posho. Sina cha kuongeza hapo.

Saa 9 stoo. Inayokaribia kuisha muda ndo inatoka kwanza, kadi isomane na kilichopo kwenye shelfu. Mofini na pethidini, dawa kali za maumivu, ziko kabati lake la kufuli, na rejista yake, kila ampuli inaandikwa imeenda kwa nani na ganda tupu linarudi. Mi nahesabu na kuandika tu, funguo mtarajali hashiki.

Saa 11 jioni logibuku, daftari la kazi nilizofanya. Msimamizi hasaini mpaka akuulize kwa nini, na ukijibu anauliza kwa nini tena.

Saa 2 usiku nafika home, jirani kanisubiri mlangoni, kifua kinambana, anataka amoksilini, antibiotiki ile, mbili tu za kutuliza.

"Si ulishamaliza shule wewe?"
"Bado sijasajiliwa kaka, na hata nikisajiliwa mbili sikupi. Kesho asubuhi twende wote ukapimwe."

Kanuna, lakini kauliza tunaondoka saa ngapi.