Nusu ya Mbegu kwa Mashine, Nusu kwa Udongo

Saa 11:40 alfajiri. Uthiru, pembeni ya Nairobi, bado ni giza na baridi ya Julai inauma vidole. Nimevaa sweta mbili na gambuti, naelekea Kabete kwa miguu, kwa sababu alizeti haimngoji mtu. Vile vijiua vilivyojaa kwenye sahani ya ua hufunguka kwa duru, kuanzia ukingoni kuelekea katikati, duru chache kila siku, na kila kijiua husukuma nje vijifuko vyake vya chavua asubuhi na mapema. Jua likinitangulia, chavua itakuwa imemwagika na kazi yangu ya kuchanganya aina mbili za alizeti itakuwa imeharibika.

Mzee wa shamba ameshafika. "Umeamkaje, mzee?" "Niko sawa, mama. Leo tuna maua tisa." Anafungua mifuko ya kitambaa tuliyoyafunikia maua ili nyuki wasituletee chavua ya majirani, kisha ananimulikia tochi huku nikinyofoa vijifuko kimoja kimoja kwa kibanio. Kazi hii huchosha shingo. Mwenyewe naipenda kuliko yote ya siku.

Ua la mama ni la aina yetu inayovumilia ukame. Chavua ya baba, tutakayoipaka kwa brashi stigma (ncha za kike za ua zinazopokea chavua) zikishachomoza, imebeba badiliko lenye umri mkubwa kunizidi. Mwaka 1976 wataalamu wa Muungano wa Kisovieti walitangaza alizeti iitwayo Pervenets, waliyoipata kwa kutibu mbegu na kemikali inayobadili vinasaba. Katika alizeti ya kawaida, kimeng'enya cha jeni ya FAD2 huchukua asidi ya oleiki, moja ya asidi zinazounda mafuta, na kuiongezea kiungo maradufu (double bond) cha pili, ikawa asidi ya linoleiki. Katika Pervenets kipande cha jeni hiyo kilijirudia, na marudio hayo yakainyamazisha jeni nzima ndani ya mbegu. Majani yanaendelea kama kawaida. Mbegu ndiyo inayobaki na oleiki yake, sehemu kubwa ya mafuta yote.

Baridi hii inayotuuma nayo ina neno. Mbegu ya alizeti ya kawaida ikijaa wakati wa baridi hutengeneza linoleiki zaidi. Ikijaa kwenye joto, oleiki hupanda. Kwa hiyo mkulima wa mahali pa baridi na wa mahali pa joto wanaweza kupanda mbegu moja wakakamua mafuta mawili tofauti. Mafuta ya mbegu yenye jeni iliyonyamazishwa huyumba kidogo sana, na ndiyo maana tunaihangaikia.

Saa 3, maabara. Leo ni kukata. Namenya ganda la mbegu, naiweka juu ya kigae, naikata kwa wembe. Ncha iliyochongoka ndiyo yenye kiini kitakachoota, kwa hiyo siigusi. Nachukua kipande cha upande butu tu, ndicho kitakachopimwa mafuta. Mbinu hii ya nusu mbegu ilianzia Kanada katika miaka ya 1960, Keith Downey na wenzake walipokuwa wakitafuta mbegu za rapa, mmea wa mafuta wa jamii ya kabichi, zisizo na asidi ya eruki. Kazi ya aina hiyo ndiyo iliyozaa kanola, rapa ya mafuta ya kula, mwaka 1974. Uzuri wake ni kwamba unajua mafuta ya mmea kabla haujaota.

Kipande hupewa namba, na nusu yenye kiini hupewa namba ileile. Msimu mmoja nilibadilisha trei mbili bila kujua, nikapanda miezi minne mimea isiyo yenyewe. Tangu siku hiyo nasoma namba kwa sauti, hata kama niko peke yangu.

Saa 5 stima ikapotea. Jenereta iliwaka baada ya dakika kadhaa, lakini mashine ya kunakili DNA ilikuwa imezimika katikati ya mizunguko. Sampuli zote 48 zirudiwe kesho.

Saa 7 nakula kwa mama wa chipsi nje ya geti. Karai lake ndilo mwalimu wangu. Asubuhi mafuta yake ni ya manjano safi. Saa hizi yameanza kuwa mazito, na moshi wake unawasha macho. Kila kiungo maradufu ni mlango wa oksijeni: linoleiki ina viwili, oleiki kimoja, na ndiyo maana mafuta ya oleiki huchelewa kuchacha.

"Mwanangu, hayo mafuta yenu yatakuja lini?"

Nikamwambia ukweli: alizeti huchukua karibu miezi minne kutoka mbegu hadi mbegu, na tunahitaji kuwachavusha watoto tena na mzazi wetu anayevumilia ukame kwa vizazi kadhaa.

"Nitangoja. Lakini yauzwe ya kupima, si ya chupa za supamaketi."

Hilo limenikaa moyoni mchana kutwa. Kenya hununua nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, mengi yakiwa ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Mbegu tunayoikuza isipofika kwa mkulima wa Bungoma na kwa kibuyu cha mpimaji wa mtaani, nitakuwa nimewafanyia kazi wale ambao tayari wana cha kuchagua.

Saa 9 natoa majibu ya vipande vilivyokatwa wiki jana. Mashine ya kromatografia hupeleka mvuke wa kila sampuli kwa gesi ndani ya mrija mwembamba wa makumi ya mita, na kila asidi hutoka kwa wakati wake, ikichora kilele kwenye skrini. Mbegu ya 12: linoleiki imesimama kama mnara. Ya 13 vivyo hivyo. Ya 17: kilele kimoja kirefu cha oleiki, kando yake kimwinuko kidogo tu. Nikaita wenzangu waje kuona.

Saa 11 jioni niko kitalu na mzee. Nusu mbegu zilizofaulu ni kumi na moja. Nasoma namba kwa sauti, yeye anarudia, anaziba shimo kwa kidole gumba.

"Kumi na saba."

"Kumi na saba. Hii nimwagilie sasa?"

"Kidogo tu, mzee."