Bodi Nzuri Zilizoangukia Daraja la Pili

Bodi za dari tulizokuwa tukitengeneza Mangamba, nje kidogo ya Mtwara mjini, ni zile za mraba za jipsamu (jasi) zinazokaa kwenye fremu ya 600 kwa 600: milimita 595 kila upande, unene milimita 9, uso wa PVC nyeupe, mgongo wa karatasi ya alumini. Jasi yake ilitoka Kilwa kwa malori. Kuchambua na kufunga kulifanyika mezani kwa mikono, mpaka oda ya mkandarasi mmoja wa Lindi ilipozidi uwezo wa meza. Mwenye kiwanda akaagiza laini nzima: konveya, mizani, sensa, visukumio vya hewa, mkono wa kunyonya na mashine ya kufunga katoni.

Siku ya kwanza ya kuiwasha kwa oda halisi ilikuwa Novemba. Msimu wa korosho ulikuwa umekolea, malori yamekwenda kwenye minada, na lile moja tulilobahatika kukodi lilikuwa getini linasubiri mzigo.

Konveya ilikwenda mita 0.3 kwa sekunde, bodi moja ikipita kila sekunde 4. Hiyo ni bodi 15 kwa dakika, chini kidogo ya katoni mbili za bodi nane nane. Bodi ikitoka kwenye tanuri la kukaushia ilipita kwanza kwenye rola zilizokaa mshazari, zikaisukuma mpaka ubavu wake uegemee ukingo wa chuma. Hatua hiyo ndogo ina uzito kuliko inavyoonekana. Pembe hupimwa kwa sensa mbili zilizoachana milimita 500: kama zote mbili zinaona ukingo wa mbele kwa pamoja, bodi ni mraba. Lakini bodi iliyo mraba kabisa ikipita imekaa mshazari itasomwa kuwa imepinda. Lazima iegemee kwanza, ndipo ipimwe.

Unene ulipimwa kwa leza mbili, moja juu na moja chini, kwenye mwanya kati ya mikanda miwili. Leza ya juu peke yake ingehesabu hata mtikisiko wa mkanda. Kisha mizani. Bodi kavu ilikuwa na kilo 2.3 hivi, na iliyobaki na maji ilizidi kwa gramu 150 au zaidi. Hapo pia kuna mtego: bodi yenye unene wa milimita 9.4 ni nzito hata ikiwa kavu, ikikaribia kilo 2.4. Kwa hiyo programu iligawanya uzito kwa unene, na kilichoamua ni gramu kwa kila milimita.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Baadaye dada aliyekuwa akipokea za daraja la pili, zile zilizoshindwa kipimo na kutolewa nje na kisukumio, akaniita. Alikuwa ameshika bodi haina doa, pembe safi, kavu.

"Fundi, hii nayo imekosa nini?"

Tukaipima kwa mkono, haikuwa na kasoro. Tukafungua katoni iliyofungwa dakika chache kabla, tukakuta bodi yenye unyevu imekaa katikati ya nzuri. Nzuri zilikuwa zinasukumwa nje na mbovu zinapita. Mbaya zaidi, haikutokea kila mara.

Tukaanza kuandika namba kwa penseli mgongoni mwa kila bodi na kuzifuata kwa macho. Kosa lilikuja kila kompresa, mashine inayokandamiza hewa ya visukumio, ilipowaka. Ile mota yake ya kilowati 15 ilikuwa ikiwashwa moja kwa moja, volti zikashuka kwa muda mfupi, na inveta ya konveya, kifaa kinachoongoza mwendo wa mota yake, ikajizima ili kujilinda, kisha ikajiwasha yenyewe. Tangu kuzima hadi kurudi kwenye mwendo wake, mkanda ulipoteza kama sekunde 4. Sasa, kutoka mizani hadi kisukumio ni mita 2.4, sawa na sekunde 8, na aliyetuandikia programu alikuwa amehesabu hizo sekunde 8 tu. PLC, kompyuta ndogo inayoendesha laini, ilikuwa na betri yake, haikuzimika, ikaendelea kuhesabu wakati mkanda umesimama. Sekunde 4 ni nafasi ya bodi moja kamili, kwa hiyo kisukumio kikampiga jirani aliyetangulia. Bodi zilizokuwa kati ya mizani na kisukumio ni mbili, na kila kompresa ilipowaka hizo mbili hazikuwa na uhakika wa kufika kunakostahili.

Tulibadilisha hesabu kutoka muda kwenda umbali. Tukafunga enkoda, kifaa kinachotoa mapigo ya umeme kadiri kinavyozunguka, yenye gurudumu la mzingo wa milimita 200, mapigo 1,000 kwa mzunguko, yaani mapigo matano kwa milimita. Bodi ikitoka mizani inapewa mapigo 12,000 mpaka kisukumio. Mkanda ukisimama, hesabu nayo inasimama. Gurudumu tuliliegemeza kwenye mkanda wenyewe kwa springi, na brashi mbele yake. Enkoda ikikaa kwenye shafti ya mota itadanganya, maana vumbi la jipsamu huingia kati ya mkanda na dramu likateleza kama poda: mota inazunguka, mkanda unabaki nyuma. Mapigo hayo hayo yakatusaidia kwenye pembe. PLC ilikuwa inasoma sensa kila milisekunde 10, na kwa mwendo ule ni milimita 3 za kosa, wakati sisi tulikataa bodi iliyopinda zaidi ya 1.5. Sensa zote mbili zikahamishiwa kwenye viingilio vya kasi vya PLC, visivyosubiri zamu hiyo ya kusoma. Kompresa nayo ikawekewa staa-delta, yaani kuwashwa kwa hatua ili isivute umeme mwingi kwa mara moja.

Umeme ukikatika kabisa, kumbukumbu ya bodi zilizo njiani inafutwa, na kila kilicho kati ya mizani na kisukumio kinarudishwa mwanzo kwa mkono. Wengine hupenda PLC ihifadhi kumbukumbu hiyo. Mimi sikubali, kwa sababu mtu akishagusa bodi moja wakati laini imelala, kumbukumbu hiyo si kweli tena.

Kwenye kufunga, vikombe vinne vya kunyonya vya milimita 50 vilikuwa na nguvu ya kutosha. Kilichosumbua ni hewa. Bodi hupangwa uso kwa uso na mgongo kwa mgongo ili vumbi la mgongo lisikwaruze PVC, kwa hiyo kila bodi ya pili hugeuzwa. Ikishushwa bapa juu ya mwenzake, hewa iliyonaswa chini yake huiinua na kuisogeza pembeni, na rundo la bodi nane haliingii tena kwenye katoni. Tukauelekeza mkono utangulize ukingo mmoja, mwinamo wa nyuzi 5 hivi, hewa itokee upande wa pili. Kabla ya kufunga, tuliweka mdomo wa hewa wa kupuliza vumbi kwenye mikunjo ya katoni, maana utepe haushiki juu ya jipsamu, na masika yalipoanza tukahamia gundi ya moto.

Ufa wa ndani haukuonwa na sensa yoyote. Mama mmoja wa meza ya zamani alikuwa akigonga bodi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Yenye ufa hujibu kwa sauti iliyofifia. Tulimwekea nafasi yake kabla ya mizani, na kitufe cha kuiandikia bodi daraja la pili mwenyewe. Lori liliondoka kwenda Lindi kesho yake, baada ya katoni zote za saa zile za mwanzo kufunguliwa na bodi zake kupitishwa upya kwa mama huyo.