Venye nilianza kufurahia muziki nikiwa kwa cherehani

Mi ni fundi nguo hapa Kisumu, kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye, na kama unajua Kibuye basi unajua kelele. Kushoto kuna jamaa wa mitumba na spika yake, ng'ambo kuna mafundi wa fanicha wanagonga misumari na kupiga randa toka asubuhi, matatu za Kondele zinapita na besi inatikisa mabati, tuktuk nazo kila moja na redio yake, na Jumapili ndio usiseme juu soko linafurika hadi barabarani na mhubiri anakuja na jenereta. Kwa hivyo mtu akiniambia ati muziki unaleta raha maishani nilikuwa nacheka tu. Muziki upi sasa? Nilikuwa nasikia muziki kutwa nzima, na jioni nikifika nyumbani naangalia kwanza nani amewasha redio nimwambie azime.

Sikuwa mgonjwa, sikuwa na shida kubwa, nilikuwa tu nimechoka. Kazi, nyumba, watoto, kazi. Na yale mawaidha ya "tenga saa moja upumzike usikilize muziki" mi sijui huwa yanaandikiwa nani, juu mtu wa cherehani akitenga saa moja mchana hiyo ni sketi mbili za shule zimelala.

Chenye kilinisaidia ni jirani. Tulikuwa tunagawana ukuta na jaduong' mmoja fundi wa redio, mzee mpole lakini mbishi, na yeye redio ikishapona lazima aijaribu, na wimbo wa kujaribia ulikuwa mmoja tu, benga moja ya zamani, ule muziki wa gita wa Wajaluo, huo huo, redio iwe ya nani. Siku moja nikamwambia, jaduong' si ubadilishe hata kidogo, huo wimbo umeingia hadi kwa pindo za nguo. Akaniangalia juu ya miwani. Yeye huniita Nyar Kakamega, yaani binti wa Kakamega kwa Kijaluo.

"Nyar Kakamega, huo wimbo hujausikia bado."

"Nimeusikia toka saa mbili!"

"Umesikia mtu anaimba. Mwache huyo anayeimba. Fuata gita ya chini, hiyo nene, usiiachilie hadi mwisho."

Nilifanya ndio anyamaze. Nilikuwa na marinda ya sketi mkononi, kazi ya mikono haitaki akili nyingi, nikaanza kutafuta hiyo gita. Na wueh, si rahisi venye unafikiria. Unaishika kidogo, halafu yule wa kuimba anakuvuta na maneno yake na unajikuta umemfuata yeye. Unarudi. Inakuponyoka tena. Lakini ukiikamata unashangaa, juu besi ya benga haikai nyuma kwa adabu, inaongea. Inaruka pale mwimbaji amevuta pumzi, inajibu, halafu kuna mahali inanyamaza kidogo tu, pigo moja hivi, na mguu wako unabaki hewani. Nilicheka peke yangu. Hapo ndipo nikajua miaka yote nimekuwa nikisikia huo muziki bila kuusikiliza.

Kesho yake akanipatia kazi ingine, sasa fuata gita ya juu, ile ya solo. Hiyo ndio tamu zaidi kwangu. Mwimbaji anasema mstari wake, gita inaurudia karibu neno kwa neno, na mahali anapandisha sauti nayo inapanda. Nikamuuliza mbona inaongea hivi, akaweka kazi chini (huyo mzee ukimuuliza kitu ya benga kazi inalala) akanieleza mambo ya nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Wajaluo. Nyatiti ina nyuzi nane, mpigaji anakaa chini kwa kigoda kifupi, kidole kikubwa cha mguu kina pete ya chuma anagongea mbao ya hiyo nyatiti, mguuni amefunga njuga, vidole viko kwa nyuzi na mdomo unaimba. Yaani mtu mmoja ni ngoma, ni gita, ni mwimbaji. Gita zilipoingia huku pande za ziwa vijana walichukua hiyo mikono ya nyatiti wakaihamishia kwa gita, na miaka ya 60 ndio benga ikashika. Toka aniambie hivyo siwezi kusikia solo ya benga bila kuona vidole.

Basi ikawa ndio mchezo wangu. Wimbo mmoja, chombo kimoja. Leo nafuata besi, kesho ngoma, siku ingine ile gita ya kati ambayo hakuna mtu huisifu na ndiyo imeshikilia wimbo wote usianguke. Haichukui muda wowote, ndio uzuri wake, juu kazi inaendelea. Na ile kelele ya Kibuye iliyokuwa ikinimaliza ikawa sasa kuna kitu ndani yake naweza kuchagua. Hata spika ya jamaa wa mitumba nilianza kuivumilia, ingawa hadi leo nasema anapandisha besi kupita kiasi, mpaka sauti inakuwa matope.

Halafu nikaingia kwa rumba. Hapo sasa ikaingiana na cherehani kabisa. Mashine yangu ni ile nyeusi ya zamani ya kukanyaga, haitaki stima, na mguu ndio unaamua mwendo. Na rumba ya Kongo, wewe unajua venye huwa, wanaanza pole pole na sauti zao tamu wanabembeleza, halafu wakishamaliza maneno gita zinafunguka, sebene inaingia, ile sehemu ya gita za kuchezesha watu, na hakuna mtu anakaa. Nikaanza kupanga kazi na wimbo. Wakiwa bado wanabembeleza mi nakunja, napiga chaki, natia pini, nafanya zile za kuhitaji macho kama kola na zipu. Nikisikia wanakaribia kufungua nimeshalaza kitambaa chini ya sindano, mshono mrefu wa kunyooka, na sebene ikiingia mguu unaenda. Pindo la gauni refu lote linaisha na bado gita zinacheza. Ubaya ni kwamba ukipagawa sana uzi unakatika, na uzi ukikatika katikati ya sebene hiyo uchungu yake siwezi kueleza.

Kitu kingine jaduong' alinifunulia ni ile ya wimbo kukatika. Nyimbo nyingi za zamani, benga kwa rumba, zinafika katikati zinafifia halafu zinarudi tena. Mi nilikuwa nafikiria ni memori kadi mbovu. Kumbe zilitoka kwa santuri ndogo, zile za 45, upande mmoja unabeba dakika chache tu, kwa hivyo wimbo mrefu walikuwa wanaukata, sehemu ya kwanza upande huu, unageuza santuri, sehemu ya pili upande wa pili. Na mara nyingi upande wa pili ndio sebene yenyewe. Sasa hapo penye unafifia ndipo huwa natoa mguu kwa pedali, nanyoosha mgongo, nakunywa maji. Wateja wangu wa siku nyingi wanajua, mtu akija na swali la bei anangoja hapo.

Mpwa wangu anasoma Maseno, nilipomweleza venye nangojea sebene na mwili wote akaniambia hiyo kitu imeshapimwa. Ati mwaka wa 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal, Kanada, walipima bongo za watu wakisikiliza nyimbo wanazozipenda, zile za kuwasimamisha nywele, wakapata ubongo unatoa dopamini ile sehemu tamu ikifika, na pia kabla haijafika, ukiwa bado unaingojea. Yaani kule kungojea kwenyewe ni sehemu ya utamu. Nilimwambia sisi wa Kibuye hatukuhitaji mashine kujua hiyo, lakini kusema ukweli nilifurahi. Pia inaeleza kwa nini wimbo ninaoujua vizuri unanipa raha kuliko mpya, juu mpya sijui ningojee nini.

Kwetu ni Isukha, Kakamega, kwa hivyo usifikirie nimesahau zetu. Isukuti, ile ngoma yetu ya kucheza, nimekua nayo, harusi, matanga, siku ya mafahali kupigana wakisindikizwa na ngoma, kila mahali. Lakini miaka ya hivi karibuni nikienda nyumbani nilikuwa nasimama kando na simu narekodi kama mgeni, kama wengine wote. Isukuti huwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, baba, mama na mtoto, pamoja na pembe na vyuma vya kutikisa. Nilipoenda harusi ya binamu yangu nikaweka simu kwa mkoba nikafuata ile ya mtoto peke yake, na sijui ni nini, mabega yalianza yenyewe. Nilicheza hadi shangazi akaniuliza kwani nimekunywa nini. UNESCO mwaka wa 2014 waliweka isukuti kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na naelewa, juu ukiangalia nani anapiga utaona wengi ni wazee na vijana wako na simu. Mi siwezi kuilinda mbali sana lakini kucheza naweza.

Halafu kuna kwaya. Hii ndio imenishika kuliko zote.

Nilikuwa kanisani miaka mingi naimba ile sauti ya kila mtu, ya juu. Nilipozoea kutafuta vyombo ndani ya wimbo nikaanza kusikia kuna wamama wawili nyuma yangu wanaimba kitu kingine kabisa, chini kidogo, na kinaingiana. Nikamwendea mwalimu wa kwaya akaniambia hiyo ni alto, njoo mazoezi. Huko wanatumia solfa, zile noti za do re mi zilizoandikwa kwa herufi, karatasi imejaa d na m na s na vistari, siku za kwanza ilikuwa ni kama kusoma risiti ya dawa. Na alto ukiiimba peke yako haina maana yoyote. Unakaa kwa "so" moja mstari mzima, unapanda kidogo kwa "la", unarudi "so". Nikiwa naosha vyombo nyumbani watoto walikuwa wananiuliza, mama huo ni wimbo gani, na hata mi singejua kama sio karatasi.

Lakini Jumamosi tukiweka zote nne pamoja, soprano juu, sisi alto, tenor, besi za wanaume zinatoka chini kwa sakafu, ile "so" yangu moja ya kuboesha inageuka. Sauti ni ile ile, sijabadilisha kitu, lakini zile zingine zinasogea kuizunguka na unahisi kabisa kifuani venye inabadilika. Kuna wimbo tunaimba tangu nikiwa mdogo, nilidhani naujua, na nilipouimba alto mara ya kwanza nilishindwa kumaliza ubeti wa tatu. Machozi. Mwalimu akadhani nimekosea solfa.

Sasa vitu vidogo vidogo, juu najua mtu atauliza. Bando situmii, nyimbo zangu ziko kwa memori kadi, vijana wa maduka ya simu wanakujazia kwa pesa kidogo, lakini waambie unataka nini kabisa la sivyo watakujazia yao. Nikikata kitambaa nazima kila kitu. Makasi hayataki sebene, na kitambaa cha mteja hakirudi. Hedifoni barabarani hapana, na kwa boda ndio kabisa, nataka kusikia lori likinijia. Asubuhi na mapema pia sisikilizi chochote, hapo nataka kimya changu na chai, hiyo furaha ya saa kumi na moja alfajiri wengine wanasema wako nayo mi sijaiona.

Na siku mbaya ziko. Siku mteja amekataa nguo ama karo imekuja yote pamoja, muziki hautatui kitu, saa zingine hata sebene inapita nikiwa nawaza madeni. Silazimishi. Kesho yake mguu unarudi wenyewe.

Jaduong' bado yuko, redio zimepungua siku hizi anatengeneza zaidi spika na tochi za sola, na wimbo wa kujaribia ni ule ule. Juzi nilimwambia mi sasa nasikia gita nne ndani yake, akasema ziko tatu, tukabishana hadi saa ya kufunga. Mwenye ataamua ni mpwa wangu akirudi wikendi na hizo hedifoni zake kubwa.

Kwa sasa shida yangu ni ingine. Kwaya iko na wimbo mpya wa harusi, alto inaanza chini sana na tunaimba saa tatu asubuhi, na sauti yangu saa hiyo bado iko kitandani. Mwenye ana dawa mbali na tangawizi aniambie, juu tangawizi nimeinywa hadi nimechoka nayo.